Mgeni Ndiye Mwenye Uwanja

Kila Ligi Kuu ya England inapofungua msimu, kurasa za michezo hurudia lawama ileile: kijana wa Kitanzania anawataja kwa majina wachezaji wa akiba wa Arsenal, lakini kipa wa timu ya mkoa wake hamjui. Lawama hiyo ina ukweli, ila imechagua windo rahisi. Mkazi wa Tabora anayelala na jezi ya Manchester United huchekwa kuwa amepotea. Jirani yake anayelala na jezi ya Simba huhesabiwa mzalendo, ingawa wote wawili wameipa kisogo timu inayocheza katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mwendo wa bodaboda kutoka vitandani mwao. Kama kupenda timu ya mbali ni kosa, basi kosa hilo lipimwe kwa mizani moja. Na likipimwa hivyo itaonekana kwamba umbali unaoukausha mpira wa nchi hii hauanzii London. Unaanzia Kariakoo.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba mapenzi ya mbali yaliletwa na ving'amuzi. Klabu inayoitwa Simba tangu 1971 ilizaliwa 1936, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Sunderland, jina la klabu ya mji wa viwanda na bandari kaskazini mwa England. Ligi ya taifa ilipochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965, bingwa alikuwa Sunderland wa Dar es Salaam. Kwa hiyo anayemcheka mjukuu kwa kuvaa jezi ya Kiingereza akumbuke kwamba babu yake alishangilia jina la Kiingereza. Tofauti yao ni kwamba wazee wale waliazima jina tu. Timu yenyewe ilikuwa ya watoto wa mitaa ya Kariakoo, ada ilitoka mifukoni mwa wanachama, na kiongozi aliyeharibu alikutwa jioni hiyohiyo barazani akaulizwa. Jina lilitoka mbali, lakini mamlaka yalibaki mtaani.

Mamlaka hayo ndiyo kiini cha jambo lote. Hao Waingereza tunaowashangilia wanatufundisha wenyewe. Februari 2016 wamiliki wa Liverpool walitangaza kwamba tiketi ya bei ya juu kabisa ingefika pauni 77. Katika mechi iliyofuata uwanjani Anfield, dakika ya 77, maelfu ya mashabiki walisimama wakatoka nje. Timu yao ilikuwa ikiongoza mabao 2–0. Ikamaliza kwa sare ya 2–2, na mpinzani siku hiyo, kwa kejeli ya historia, alikuwa Sunderland. Baada ya siku chache wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei ile. Aprili 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya, 6 kati yake za England, zilitangaza ligi yao ya kujitenga. Mashabiki walizuia barabara nje ya uwanja wa Chelsea, na siku 2 tu baada ya tangazo klabu zote 6 za England zilikuwa zimejiondoa. Mamilioni ya wapenzi wa klabu hizo wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walikasirika pia, na hasira yao ilikuwa ya kweli, lakini haikumnyima mwenye klabu usingizi. Aliyewatisha wamiliki ni yule anayeweza kuliacha tupu jukwaa, kulala barabarani mbele ya basi la timu na kumpigia simu mbunge wa eneo lake. Shabiki wa mbali ni mteja mwema: analipia king'amuzi, ananunua jezi, anaweka mkeka wake wa kubeti, na kinachobaki ni kupokea maamuzi. Hata utamu anaoufaidi kwenye runinga, yale majukwaa yaliyojaa na sauti zile, umetengenezwa na watu wengine waliokataa kuhama timu yao.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kutoka Mwanza ni zaidi ya 1,100. Bukoba iko karibu na Kampala kuliko ilivyo karibu na makao ya Simba, mtaa wa Msimbazi, mara kadhaa. Hata hivyo ukiuliza watu wa miji hiyo timu yao ni ipi, jibu la wengi ni moja kati ya mbili, Simba au Yanga. Matokeo yake yanasomeka katika orodha ya mabingwa. Mwaka 1975 ubingwa wa Bara ulikwenda Morogoro, kwa Mseto. Mwaka 1986 ulikwenda Tukuyu, mji mdogo wa milimani wilayani Rungwe, kwa Tukuyu Stars iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Mwaka 1988 ulikwenda Tanga kwa Coastal Union, na Mtibwa Sugar ya Turiani iliuchukua 1999 na 2000. Tangu hapo ni Simba na Yanga, isipokuwa mara moja tu, mwaka 2014, Azam ilipobeba kombe bila kupoteza mechi. Nayo ni timu ya Dar es Salaam, mali ya tajiri. Mtu aliyezaliwa mwaka ambao Mtibwa ilitwaa ubingwa wake wa mwisho ameshakuwa mtu mzima, pengine ana watoto, na hajaona timu ya mkoani ikitwaa tena.

Ni kweli kwamba sababu ni nyingi. Fedha zimekaa Dar es Salaam, wafanyabiashara wako huko, vyombo vya habari viko huko, na makao makuu ya kampuni zinazodhamini yako huko. Lakini fedha hufuata watu, na watu wa mikoani wamekwishaonyesha moyo wao ulipo. Iangalie siku ambayo Simba au Yanga inacheza katika viwanja vya mikoani vya Sokoine, Mkwakwani, Kaitaba au Majimaji. Mji mzima unavaa rangi ya mgeni. Mwenyeji anaingia uwanjani kwake mwenyewe akipokewa kwa kuzomewa na watoto wa mtaa wake, na anayefunga bao la kuongoza dhidi ya Yanga mbele ya majirani zake hushangiliwa na wapenzi wa Simba waliokuja kuombea mabaya, si na wapenzi wa timu yake. Faida ya kucheza nyumbani, ambayo kila kocha duniani huihesabu katika mipango yake, kwetu inamilikiwa na timu 2 katika viwanja vyote vya nchi.

Wapo wanaojibu kwamba hao wenye jezi za mgeni ndio wanaoilisha timu ya mkoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mapato ya mlangoni huenda kwa mwenyeji, na siku hiyo moja huweza kuleta fedha kuliko mechi nyingi nyingine zikiunganishwa. Hili ni jibu zito na halipaswi kudharauliwa. Bila siku hizo klabu kadhaa zingeshindwa kulipa mishahara. Lakini angalia linamfundisha nini kiongozi wa klabu. Linamfundisha kwamba riziki yake inategemea ukubwa wa mgeni, si ubora wa timu yake. Haoni sababu ya kukuza mashabiki wa mji wake kwa miaka 10 wakati anaweza kungojea siku 2 za mavuno kwa msimu. Zaidi ya hapo, linamshawishi kuipeleka mechi hiyo katika uwanja mkubwa wa mkoa mwingine, akaiacha nyasi aliyoizoea, ili milango iingize zaidi. Imetokea mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayeshtuka. Timu inayouza faida yake ya nyumbani ili ilipe mishahara ni kama mkulima anayekula mbegu: hana njaa mwezi huu.

Gharama kubwa zaidi huonekana klabu inapokuwa hatarini. Ihefu ilitoka Mbarali, mkoani Mbeya, eneo la mashamba ya mpunga. Novemba 2022 timu hiyo ndiyo iliyoikomesha Yanga baada ya mechi 49 za ligi bila kufungwa, kwa mabao 2–1. Habari hiyo ilivuma Afrika nzima. Mwaka 2024 klabu ilibadili mikono, ikahamishiwa Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Singida nayo ilikuwa na timu nyingine katika ligi hiyohiyo, Singida Fountain Gate, ambayo iliondoka na kuishia Babati, mkoani Manyara, ikiitwa Fountain Gate. Timu mbili za ligi kuu ziliihama miji yao kama mpangaji anavyohama chumba, na hakuna barabara iliyozuiwa wala jukwaa lililobaki tupu kwa makusudi. Nani angezuia? Wengi wa wale waliokuwa na haki ya kulia walikuwa tayari na timu nyingine moyoni, na ile iliyoondoka ilikuwa kwao uwanja tu wa kuisubiria Simba.

Linganisha na Wimbledon, kusini mwa London. Mwaka 2002 chama cha soka cha England kiliiruhusu klabu hiyo kuhamia Milton Keynes, karibu kilomita 90 kutoka kwao. Mashabiki wake hawakuchagua Chelsea iliyokuwa jirani na yenye mafanikio. Waliunda klabu mpya, AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji katika bustani ya umma, wakaanzia daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wamerudi katika madaraja manne ya juu ya kitaifa, na 2020 wakarejea mtaa wao wa Plough Lane, katika uwanja ambao mashabiki wenyewe walichangia fedha zake. Simaanishi kwamba Mbarali ingeweza kufanya vivyo hivyo, vipato havilingani. Ninachosema ni kwamba tulichokikosa si fedha peke yake. Hata barua ya malalamiko haigharimu pauni milioni, na mimi nilichokisikia zaidi ni mjadala wa nani atasajiliwa na Yanga.

Kuna pingamizi lenye uzito kuliko hilo la viingilio. Linasema: timu ya mkoa ni ipi hasa, na ni ya nani? Ukiitazama ligi yetu ya miaka ya karibuni utaona JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mashujaa ya jeshi, Kagera Sugar na Mtibwa Sugar za viwanda, KMC ya manispaa ya Kinondoni. Mtu wa Bukoba ataipendaje timu ya kiwanda ambacho hana hisa ndani yake, wala kadi ya uanachama, wala kura? Simba na Yanga angalau zina wanachama, matawi hadi vijijini, mikutano mikuu yenye kelele, na kanuni ya serikali inayotaka wanachama wabaki na asilimia 51 hata mwekezaji anapoingia. Kwa kipimo changu mwenyewe cha mamlaka, mwanachama wa Yanga aliyeko Kigoma ana sauti kuliko mkazi wa Kigoma mbele ya timu ya jeshi. Nakubali. Hapa hoja yangu inapungua makali, na ni lazima isemwe kwamba mfumo wa taasisi kumiliki timu umesaidia kuzifanya timu zibaki hai huku ukizinyima roho.

Lakini pingamizi hilo halifiki mbali kama linavyodhani. Mbeya City ni timu ya halmashauri ya jiji, taasisi kamili, yenye mafaili na vikao vya madiwani. Ilipopanda msimu wa 2013/14 chini ya kocha Juma Mwambusi, Mbeya iliigeuza kuwa yake ndani ya miezi michache. Sokoine ilivaa zambarau, mashabiki walisafiri na timu hadi Dar es Salaam, na mwisho wa msimu ilishika nafasi ya 3, juu ya Simba. Hakuna aliyeuliza kwanza hati ya umiliki. Kilichofuata ndicho cha kujifunza: nyota wake walianza kuchukuliwa, Deus Kaseke akaenda Yanga 2015, matokeo yakashuka, na jukwaa likarudi taratibu katika rangi zake mbili za zamani. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, kabla ya kurejea 2025. Uaminifu wa jirani ulikuwapo, ila ulikuwa wa msimu wa neema. Na klabu kama Coastal Union haiwezi hata kusingizia taasisi. Ni klabu ya wanachama, ya watu wa Tanga, yenye umri wa kutosha kuwa na wazee wanaokumbuka 1988. Bado uwanja wao wa Mkwakwani hugeuka Msimbazi kila mwaka.

Wengine hulipeleka jambo hili kwenye siasa za umoja, na hawa nawaheshimu. Wanasema tumshukuru Mungu kwa Simba na Yanga, kwa kuwa zimegawa nchi kwa namna isiyodhuru: ndani ya nyumba moja baba ni Yanga na mama ni Simba, ndani ya msikiti mmoja na kanisa moja vilevile, na hakuna kabila lenye timu. Wanatuonyesha Kenya, ambako Gor Mahia na AFC Leopards zilizaliwa na kukulia katika jamii za Waluo na Waluhya, na mara nyingine uwanja ulibeba uzito usio wa mpira. Hoja nzuri, ila inachanganya mji na kabila. Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma za leo ni miji ya watu wa kila asili. Anayeishangilia Pamba Jiji pale Mwanza anamshangilia jirani yake wa Mkolani au Igoma, na jirani huyo anaweza kuwa ametoka Kigoma au Kilimanjaro. Timu ya mji ingewaunganisha watu wanaopanda daladala moja na kulalamikia mfereji mmoja. Utani wa Simba na Yanga ni mtamu, lakini hauwezi kuwakutanisha watu wa Sumbawanga juu ya jambo la Sumbawanga.

Na Kenya ina funzo jingine ambalo hutajwa mara chache. Huko mapenzi yalihamia England moja kwa moja. SuperSport ilipoondoka katika ligi yao mwaka 2017, na SportPesa ikajitoa katika udhamini 2019 wakati wa mgogoro wa kodi, klabu zilibaki na njaa, Gor Mahia ikiwamo, klabu iliyotwaa Kombe la Washindi Afrika 1987. Sisi tulijiona wajanja, na kwa sehemu ilikuwa haki yetu: Azam Media ilitia saini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba ikaifuata 2025. Ila tusijidanganye kuhusu kilichotuokoa. Tuliokolewa na utani wa timu 2, na runinga ilinunua utani huo. Wengine wamo kama wapinzani wa lazima.

Linabaki pingamizi la mwisho, la kiwango. Mpira mzuri uko kwingine, na mtu ana haki ya kutumia jioni yake kutazama kilicho bora. Sawa, hakuna anayelazimishwa kuzima runinga. Ila Agosti 2025 mashindano ya CHAN yaliletwa Kenya, Tanzania na Uganda, mashindano yanayoruhusu tu wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Uwanja wa Kasarani jijini Nairobi ulijaa hadi Kenya ikaadhibiwa kwa kushindwa kuzuia umati. Wale waliokuwa wakishangiliwa wakati Morocco ikifungwa bao 1–0 ni walewale ambao wiki chache kabla walicheza ligi mbele ya viti vitupu. Miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji aliamua kuwa timu ile ni yake. Mshambuliaji Mbwana Samatta naye, kabla ya Simba, kabla ya TP Mazembe na Genk, kabla ya kuifungia Aston Villa katika fainali pale Wembley Machi 2020, alikuwa mchezaji wa klabu ya Mbagala ambayo baadaye iliitwa African Lyon. Tanzania nzima ilijifunza kuipenda Villa kwa ajili yake, kisha ikaisahau alipohamia Fenerbahçe. African Lyon imekwishashuka daraja, na walioisindikiza walikuwa wachache.

Sidai kwamba mtu wa Tanga avue jezi ya Simba, wala azime mechi ya Arsenal. Moyo haupangiwi, na aliyeurithi kutoka kwa baba yake hana la kujibu. Nadai kitu kidogo zaidi, ambacho ni suala la kalenda. Ligi yetu ina timu 16, kila moja na mechi 15 za nyumbani, 2 kati yake dhidi ya Simba na Yanga. Zinabaki 13. Katika siku hizo 13 mpenzi wa Simba wa Tanga hana mgongano wowote wa dhamiri, kiingilio ni cha chini kuliko bei ya vocha ya kulipia king'amuzi, na timu inayocheza ina watu anaowafahamu kwa sura. Kwamba haendi hata siku hizo si mapenzi kwa Simba. Ni mazoea ya kuona kilicho karibu hakina thamani. Na anao udhuru mmoja wa haki, ambao Bodi ya Ligi inapaswa kuujibu: nyingi za mechi hizo hupangwa katikati ya wiki, saa 10 jioni, fundi akiwa bado na koleo mkononi na mwalimu hajafika nyumbani, kwa kuwa ratiba hufuata runinga na safari za kimataifa za timu 2 za Dar es Salaam. Mtu wa kuandika barua ya kudai kwamba Coastal Union na Namungo zicheze Jumapili lazima awe mtu wa Tanga anayeitaka mechi hiyo. Matawi ya Simba na Yanga yaliyoko mjini humo hayana sababu ya kuiandika.